Mstari wa Kumi na Moja

Msimu wa maombi ulipofika, Adventina alikuwa mtu wa kuonewa huruma na kuonewa wivu kwa wakati mmoja. Huruma, kwa sababu kuanzia Juni meza yake katika ofisi ya udahili ya Chuo cha Mifugo cha Kabulima, nje kidogo ya mji wa Biharamulo, ilifunikwa na fomu hata rangi yake ikasahaulika. Wivu, kwa sababu mji mzima uliamini kwamba yeye ndiye anayeamua nani aingie chuo na nani abaki na jembe. Watu ambao mwaka mzima walimpita kama nguzo ya umeme sasa walimwamkia kutoka ng'ambo ya barabara, na mama muuza nyanya alimzidishia fungu bila kuombwa.

Ukweli ni kwamba Adventina hakuamua kitu. Alipokea, akakagua, akapanga, akapeleka kwenye kamati. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja ambao haukuandikwa kwenye barua yake ya ajira, nao ni udadisi. Wenzake wa kazi hiyo hutazama alama za mtihani, hupiga muhuri na kugeuza ukurasa. Yeye alisoma fomu nzima, mpaka sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji. Alijua kuwa watoto wa Nyakahura huandika "kuchunga ng'ombe wa nyumbani" mahali pa uzoefu wa kazi, na alifurahi kila alipoisoma, maana ni uzoefu mkubwa kuliko wa baadhi ya walimu wa pale chuoni.

Ndiyo maana Jumatatu moja ya mwezi wa nane mkono wake ulisimama juu ya fomu ya msichana aitwaye Uwase, kutoka Kasulo wilayani Ngara. Alama nzuri, baiolojia nzuri sana. Mstari wa kumi uliuliza jina la mzazi au mlezi, nao ulijibiwa: Celestini Nshimiyimana. Mstari wa kumi na moja uliuliza namba ya kitambulisho cha taifa cha huyo mzazi au mlezi, nao ulijazwa tarakimu zote. Hapakuwa na kosa. Ila Adventina alikuwa ameliona jina hilo asubuhi ileile. Akarudi nyuma kwenye rundo, akapekua, akalipata kwenye fomu ya Josefina. Akapekua tena, akalipata kwenye fomu ya Adelfina. Wasichana watatu, shule tatu tofauti, kata moja, mlezi mmoja, na namba ileile ya kitambulisho.

Huyu ni mtu gani, alijiuliza, mwenye mabinti watatu waliomaliza kidato cha nne mwaka mmoja?

Alipompelekea fomu hizo mkuu wa taaluma, Mwalimu Projestus, ambaye ndiye aliyeongoza kamati, yeye hakujiuliza chochote. Alivua miwani, akaifuta kwa tai. Alisema hapo pana biashara. Kuna mtu amefungua duka la kujaza fomu na kuuza ulezi. Ijumaa kamati itawakata wote watatu, nafasi zao ziende kwa walio kwenye orodha ya akiba.

"Na kwenye akiba," aliongeza, akimtazama kwa jicho la upole, "namba moja ni yule wa kwako. Si ndiyo?"

Ndiyo, namba moja ilikuwa Irine.

* * *

Irine alikuwa mpwa wa Yohanes, mume wa Adventina. Mama yake, Jovitha, alikuwa mkulima wa mihogo huko Nyamahanga. Miaka miwili iliyopita msichana huyo alikuja kukaa kwao wiki mbili akisubiri majibu ya chuo. Wiki ya kwanza Adventina alijifungua Bona. Wiki ya pili majibu yakaja kwamba Irine amekosa. Basi wiki mbili zikawa miaka miwili. Bona alijifunza kutembea akiwa ameshika kidole cha Irine, na neno lake la kwanza halikuwa "mama" wala "baba", lilikuwa "Iyi". Adventina alicheka siku ile kama wengine, ila usiku alilala na kijiwe kidogo moyoni.

Hii ilikuwa mara ya tatu Irine kuomba. Jioni ile Adventina aliporudi nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia, maana mji wa Biharamulo ni mdogo na Mwalimu Projestus alinunua milango kwa Yohanes, ambaye ni seremala. Mama mkwe, Bi Deodata, alikuwa amefika tangu mchana kutoka Nyamahanga na kapu la mihogo, na alikuwa amekaa kwenye mkeka akitabasamu kama mtu aliyekwisha kuona matokeo. Uani, Yohanes alikuwa akipiga randa mbao za mninga. Alikuwa akitengeneza sanduku la bweni, lenye bawaba na mahali pa kufuli.

"Mapema hivyo?" Adventina aliuliza.

"Ijumaa ni kesho kutwa tu ukiitazama vizuri," Yohanes alijibu, ingawa ilikuwa Jumatatu.

Wakati wa chakula Adventina alikosea, akasema anachokifikiria. Alisema anataka kumjua huyo Celestini. Simu yake haipatikani, lakini Alhamisi gari la chuo linakwenda Ngara kubandika matangazo na litapita Kasulo. Yohanes alilirudisha tonge sahanini.

"Umetumwa na nani?" Yohanes aliuliza.

Hakutumwa na mtu. Bi Deodata alimkumbusha kwa sauti ya taratibu kwamba ukimchunguza sana bata huwezi kumla. Akaongeza kuwa Mungu akikufungulia mlango huendi kuuliza bawaba zake zilinunuliwa wapi. Irine alikaa pembeni. Alikuwa akimlisha Bona uji, akiufuta mdomo wake kwa ncha ya kanga, na macho yake hayakuinuka. Yeye na Adventina walipokuwa wakiosha vyombo ndipo alipouliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama hao wasichana watatu wamefaulu kuliko yeye.

"Wote watatu," Adventina alisema.

"Sawa, anti," alisema Irine, akaendelea kusugua sufuria lililokwisha kutakata.

* * *

Alhamisi Desderius, dereva wa chuo, aliondoa gari kabla jua halijakaza. Walipofika Nyakahura walisimama kungoja kundi la ng'ombe livuke lami bila haraka yoyote, wachungaji wakiwa nyuma, nao wakatumia nafasi hiyo kununua ndizi za kuchoma. Adventina alikuwa na hamu kama ya mtoto anayepelekwa mnadani. Njia nzima alimtengeneza Celestini kichwani: mara mnene mwenye simu tatu, mara kijana wa steshenari mwenye muhuri wa kughushi, mara mzee mwenye wake wengi.

Kumbe Celestini alikuwa fundi cherehani. Walimkuta kwenye kibaraza cha duka, nyuma kidogo ya kanisa, amepinda juu ya sare ya shule; mtu mwembamba wa miaka sitini hivi, ambaye baba yake alivuka kutoka Burundi akiwa amembeba mgongoni. Adventina alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamsogezea kigoda kabla ya kumwuliza ni nani. Aliposikia anatoka chuo cha Kabulima, aliusimamisha mguu wake kwenye pedali.

"Wamekosa?" aliuliza.

"Bado, mzee. Nimekuja kukuuliza wewe. Hawa wasichana watatu ni wa kwako?"

Hakuhangaika kutafuta uongo. Alisema hapana, yeye ana wavulana wawili, wote wako migodini. Uwase ni wa jirani yake wa kulia, Josefina ni wa yule mwenye shamba la mihogo kule bondeni, Adelfina ni wa mjane mmoja wa kitongoji cha pili. Amewashonea sare wote tangu darasa la kwanza, anavijua vipimo vyao kuliko mama zao.

"Sasa kwa nini ukaandikwa mlezi?"

Celestini alinyoosha mikono yake juu ya meza ya cherehani, viganja juu, kama mtu anayekaguliwa kucha.

"Kwa sababu ya hivi," alisema. "Wenzangu walikwenda kuandikishwa kitambulisho. Si mara moja, mara tatu. Mtu anaweka kidole kwenye kioo cha mashine, mashine inakataa. Anaosha, anaweka kingine, inakataa. Jembe limefuta alama zote, mama. Mwenye mashine anasema pumzisheni mikono, msilime, mrudi. Nani apumzishe mkono wakati wa kupanda? Mimi kazi yangu ni sindano. Vidole vyangu vilisoma mara ya kwanza. Mtaa huu mzima mwenye namba ni mimi."

Akaeleza bila aibu, na kwa fahari kidogo. Wasichana walipoleta fomu walisoma pamoja, mstari kwa mstari, na chini kabisa paliandikwa kuwa fomu isiyokamilika haitashughulikiwa. Wazazi walikaa, wakaona mtoto asikose chuo kwa ajili ya kidole. Wakamwomba awaazime namba. Na kwa kuwa namba na jina haviachani, akawaazima na jina.

Baba yake Josefina aliitwa kutoka shambani. Alikuja na udongo miguuni, akaunyoosha mkono kwa Adventina huku akishika kiwiko kwa heshima. Adventina aliupokea mkono ule, akaushikilia kuliko inavyostahili kwa mgeni, akahisi ncha za vidole. Zilikuwa ngumu na laini kwa pamoja, kama mpini wa jembe uliozoeleka. Alikuwa amewahi kuushika mkono kama huo. Jovitha, wifi yake, naye alikwenda kujiandikisha mara mbili na kurudi mikono mitupu. Ndiyo maana kwenye fomu za Irine, mwaka huu na miaka miwili iliyopita, mstari wa kumi uliandikwa jina la Adventina, na mstari wa kumi na moja namba yake. Aliujaza mwenyewe mezani kwake, dakika moja tu, akaona amesaidia ndugu.

"Nina swali, mama, ukiniruhusu," Celestini alisema. "Hiyo namba mkishaipata mnaifanyia nini?"

Adventina aliukumbuka mstari ule ulivyoanza. Miaka minne iliyopita mkuu wa chuo alimwagiza atengeneze fomu mpya. Alichukua fomu ya chuo kingine, akaona ina mstari huo, akauona una sura ya kiofisi, akaunakili. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kuisoma namba hata moja. Hazikuingizwa mahali popote. Yeye mwenyewe, msomaji wa kila kitu, aliangalia tu kama zimejazwa.

"Hatuifanyii kitu," alisema. "Na mstari huo niliuweka mimi."

Mzee alimtazama bila hasira. Alionekana kama mtu aliyeonyeshwa mshono wa ajabu, anajaribu kuelewa fundi alikusudia nini. Kisha akatikisa kichwa, akamwita mtoto alete maji ya kunywa kwa wageni.

Kabla ya kuondoka walipita kwa mtendaji wa kijiji, Bwana Nshoma, akaandika barua tatu kuthibitisha wazazi halisi wa wasichana wale. Adventina alizikunja, akaziweka kwenye mkoba, na safari ya kurudi hakutengeneza mtu yeyote kichwani. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona woga, maana alijua anarudi nyumbani na nini.

* * *

Ijumaa kamati ilikaa watu watano. Adventina alisoma barua za mtendaji, akaeleza habari ya vidole, akasema mstari wa kumi na moja ulikuwa wake na hauna kazi, kwa hiyo kosa la kuujaza kwa namba ya kuazima limetokana na ofisi yake. Akaomba wasichana watatu wapimwe kwa alama zao tu.

Mwalimu Projestus alimsogelea kidogo, akanong'ona ingawa wote walisikia. "Unajua unamkata nani?"

"Najua," alisema. "Na kuna jingine naomba liandikwe. Irine si wangu wa kumzaa wala sina karatasi ya ulezi wake. Mama yake yuko hai Nyamahanga. Nilimwandikia namba yangu kwa sababu ileile."

Walimwomba atoke nje wajadili. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, lile la wazazi wanaosubiri, ambalo mguu wake mmoja ni mfupi. Miaka sita alikuwa akilipita benchi hilo. Hakuwahi kujua kwamba ukikaa pale unasikia sauti za ndani lakini huwezi kushika neno. Mhudumu wa ofisi aliyezoea kumletea chai alipita na birika, akasita, akaendelea na njia yake.

Walipomwita, uamuzi ulikuwa mfupi. Wasichana watatu wa Kasulo wamekubaliwa. Irine hakuadhibiwa kwa kosa la mtu mzima. Alibaki palepale, akiba namba moja. Mstari wa kumi na moja ufutwe, na mahali pake lije swali jipya: je, mwombaji ana ndugu au mtu wa karibu anayefanya kazi chuoni, na uhusiano wao ni upi. Fomu ya mwombaji mwenye ndugu chuoni, ndugu huyo asiiguse. Adventina atapewa barua ya onyo kwa kushughulikia maombi ya mtu wa nyumbani kwake. Na kwa kuwa yeye ndiye mtengeneza fomu, aliambiwa aliandike swali hilo yeye.

* * *

Nyumbani aliwakuta wote uani. Sanduku lilikuwa limekwisha pakwa vanishi, limeegemezwa ukutani likauke. Alisema akiwa bado amesimama, mkoba begani, kwa sababu alijua akikaa hataweza. Alisema yote, hata ya barua ya onyo.

Yohanes aliinama, akaanza kuokota maranda kwa mkono, kipande kwa kipande, kazi ambayo huifanya kwa fagio. Bi Deodata ndiye aliyesema.

"Mtoto huyu amekulelea mwanao miaka miwili. Umeshindwa kunyamaza siku moja?"

Adventina alijua ni kweli. Aliumia, na maumivu hayakumfanya aone kwamba alikosea, na hilo lilimwumiza zaidi. Alimgeukia Irine, akamwambia kuwa mmoja wa waliokubaliwa akikosa kuripoti chuoni, yeye Irine ndiye atakayepigiwa simu.

"Hawatakosa," Irine alisema. "Ningekuwa mimi nisingekosa." Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. "Anti, hao wazazi wao, mashine iliwakataa kama mama?"

"Kama mama."

Irine alitikisa kichwa polepole, akambeba Bona, akaenda kumwogesha.

Aliondoka Jumapili pamoja na bibi yake. Hakununa, hakulia, aliaga kila mtu kwa mkono. Sanduku hakulichukua, alisema wanafunzi ndio wanaobeba masanduku. Bona alilia mpaka sauti ikakauka, akilitaja jina lake la "Iyi" mlangoni, na Adventina alimshika akijua kuwa siku hiyo hana cha kumpa. Wiki tatu baadaye Uwase, Josefina na Adelfina waliripoti wote kabla ya saa mbili asubuhi, wamevaa sketi zilizoshonwa na mkono mmoja.

* * *

Mwaka ulizunguka, Juni ikarudi na fomu zake. Nyumba ilikuwa imepoa. Yohanes alikuwa amerudi kuzungumza, kwanza habari za mbao, kisha habari nyingine. Sanduku lilihamia chumbani, likawa la kuwekea nguo za Bona. Irine alipigiwa simu mara mbili kupitia jirani; aliitikia vizuri, akauliza habari za mtoto, akasema ana kazi shambani. Zaidi ya hapo hapakuwa na neno.

Fomu kutoka Nyamahanga ilikuja siku ya kumi ya msimu. Adventina aliutambua mwandiko kabla ya jina, maana aliuona miaka miwili kwenye orodha za sokoni zilizobandikwa jikoni. Alisoma kama anavyosoma siku zote, kutoka juu. Irine alikuwa amerudia mtihani wa baiolojia kama mtahiniwa binafsi, akapanda madaraja mawili. Uzoefu wa kazi: kulima mihogo, kulea. Mstari wa kumi, mzazi au mlezi: Jovitha, mama mzazi.

Halafu mstari wa kumi na moja, ule aliouandika yeye mwenyewe. Je, una ndugu au mtu wa karibu anayefanya kazi katika chuo hiki? Hapo macho yake yaligoma kushuka. Udadisi wake wa miaka yote ulimkimbia ghafla, akatamani kwa mara ya kwanza maishani kutokujua. Irine angeweza kuandika hapana, na fomu ingepita, na hakuna mtu katika kamati ambaye angemlaumu kwa kuandika hivyo.

Alishusha macho.

Ndiyo, Irine alikuwa ameandika. Adventina wa udahili. Na mbele ya neno uhusiano: nilimlelea mtoto, naye alisema ukweli.

Adventina aliisoma mara moja tu. Aliifuta meza kwa kiganja mahali palipolowa, ili fomu isichafuke, maana ilikuwa fomu safi na haikuruhusiwa kuguswa naye. Kisha aliichukua kwa ncha za vidole, akatoka nayo, akalipita benchi la wazazi, akabisha kwa Mwalimu Projestus. Mwalimu aliipokea, akasoma taratibu, akafika mstari wa kumi na moja akavua miwani.

"Haya ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli, Mwalimu," alisema Adventina. "Yote mawili."